Mzee Anyelwisye na Mlango wa Nyuma

Lugano wa Ilomba, Mbeya, alizunguka nusu ya dunia mpaka Toronto ndipo akampata Adrian Kalinga wa Iringa, mwanaume mwenzake ambaye angemfikia kwa basi la asubuhi na mchana wakala pamoja. Huko wakaoana, wakapewa cheti. Nyumbani Mbeya kuna sheria, kuna mchungaji na kuna majirani wasio na kazi, kwa hiyo walipokuja likizo Adrian aliitwa rafiki wa kazini.

Mama alielewa siku ya kwanza, akaongeza mchele. Lugano alibaki na haja moja tu kabla ya kupanda ndege: baba yake amkubali Adrian, hata kimyakimya.

Adrian, mtoto wa Kihehe aliyelelewa akaleleka, aliinama sebuleni. "Shikamoo, baba!"

Mzee Anyelwisye alichomoka kwenye kochi akatokea mlango wa nyuma, kijiko mkononi. Ikawa hivyo kila siku. Siku ya nne Adrian alimvizia kwenye mlango wa nyuma, na mzee, na miaka yake sabini na mbili, akapita dirishani. Esta, mke wa kaka mkubwa, ambaye tangu aolewe hajaketi na mzee huyo chumba kimoja, alicheka mpaka akaangusha ndoo.

Lugano hakucheka. Alimkuta baba kwenye migomba, anajipangusa matope.

"Baba, kama humtaki, sema. Kesho tunaondoka."

"Nani kasema simtaki?"

"Si unamkimbia!"

"Huko Ulaya wamekuharibu akili? Rafiki wa kazini ningekula naye sahani moja. Esta umewahi kuniona nimekaa naye?"

"Hapana."

"Miaka kumi na moja! Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mkwe wako, na kwa mila yetu mkwe na baba mkwe hawakai chumba ki..." Machozi yakamtoka Lugano, wala hakuyafuta.

"Eeh. Basi mwambie huyo Mhehe kwamba mkwe hanifuatifuati na shikamoo. Nina goti bovu, na lile dirisha liko juu. Na haya yaishie hapahapa kwenye migomba. Mchungaji hayamhusu."

Sauti ya Adrian ikatoka jikoni. "Baba yuko wapi? Nimemletea chai!"

Mzee akakunja suruali, akaukimbilia ua. Safari hii Lugano alimshika mkono ili auruke vizuri.