Nyufa za Sanduku la Saba

Idarusi hakuwa na cheti, mkataba, buti wala glavu. Kiti hakuwa nacho, alikalia ndoo. Hata jina hakuwa nalo katika ripoti za kampuni ya gesi, ingawa kwa miaka mitatu kila kipande cha mwamba kilichotolewa ardhini kilipita kwanza mikononi mwake.

Ghala lilikuwa Ngamiani, nyuma ya duka la vyuma. Aliosha vipande vya jiwe la mchanga, mviringo kama michi, akavipanga masandukuni kwa kufuata kina vilikotoka. Kisha wataalamu walikuja kuhesabu nyufa: zipi za asili, ambamo gesi hupita, na zipi zimepasuliwa na mashine.

"Sanduku la saba," alisema Meneja Anold, akimsukumia fomu. "Wewe ndiye wa kwanza kuvishika vipande; andika nyufa zote ni za mashine, utie sahihi. Zikiwa za asili, mtambo wa kuchimba utahamishwa. Nasi hatuhami."

"Jiwe hili limetoka juu ya gesi, chini ya visima vya kijijini kwetu, Bwana Anold."

"Najua lilikotoka."

Idarusi alikwangua ufa mmoja kwa msumari, akaukamulia ndimu ya chakula chake. Unga mweupe ukatoa povu.

"Ufa wa mashine ni msafi. Huu una chokaa. Maji yamepita humu kabla hajazaliwa babu yangu wala babu yako. Gesi nayo itapita, ipande visimani."

"Ndimu kamulie samaki wako, mzee. Sisi tuna maabara."

"Maabara imesemaje?"

Anold alifunga kalamu yake. "Wenye digrii wameshatia sahihi. Wewe mwosha mawe una nini?"

"Nina hakika."

"Hakika hailiwi. Kesho usije."

Idarusi aliiacha fomu tupu, akavaa ndala zake.

Aliandika serikalini. Baada ya wiki mbili barua ilirudi na mstari wa wino mwekundu: malalamiko yote yapitie kwa mwajiri.

"Mwajiri gani, na keshakufukuza?" bintiye Tausi aliuliza. "Kesi ya nyani wampelekea ngedere!"

"Wanataka ipitie kwa mtu. Itapita."

Akaandika upya. Chini ya maneno *Kupitia kwa*, alipopaswa kuwapo Anold, aliandika: *wanywaji wa visima hivi*. Akapanda gari hadi kijijini kwao, karibu na barabara ya Horohoro. Mtambo ulikuwa umeshaanza kuchimba nyuma ya mihogo. Kwa mngurumo wake, watu walimpigia kelele majina yao ndipo ayasikie. Wasiojua kuandika walitia dole gumba.

Posta, karani Leticia aliipima bahasha.

"Shikamoo, baba. Nzito hii. Ina nini?"

"Marahaba. Watu sitini na mmoja."

"Itafika kesho kutwa. Kujibiwa, siwezi kukuahidi."

"Sikukuuliza kujibiwa. Nipe gundi."

Akaifunga mwenyewe, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Leticia akaigonga muhuri, akaitupa guniani, juu ya nyingine.