Shikamoo Marufuku

Mlangoni mwa saluni ile palining'inia kibao kidogo cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: SHIKAMOO MARUFUKU. Wateja wapya walidhani ni mzaha. Wakiingia na kuamkia kama walivyofundishwa na mama zao, msusi mwenye saluni aliwatazama kupitia kioo, chanuo mkononi, akawauliza kama wamekuja kusuka au kumzeesha. Wote walimwita Dada, hata wasichana ambao angeweza kuwazaa. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Ndivyo walivyojua wateja, ndivyo walivyojua mawifi, na ndivyo alivyojua mumewe. Cheti cha kuzaliwa, kilicholala chini ya sanduku la wigi, kilisema hamsini na tatu.

Tusimlaumu sana. Alipoolewa alikuwa na miaka thelathini na moja na bwana harusi ishirini na tisa, na mawifi walikuwa na ndimi za wembe. Akasema ana ishirini na nne. Uso wake haukumpinga, mawifi wakanyamaza, na mambo yakapita. Mumewe ni fundi saa, mtu wa kusikiliza saa ya mkononi na kukwambia inachelewa nusu dakika, lakini miaka saba mizima ilimpita mbele ya pua asiione.

Siku ya harusi bibi harusi alicheza mpaka viatu vikamtoka. Bwana harusi alikaa kwenye kiti kama amegundishwa kwa gundi. Walipomvuta aliwaambia, "Mke wangu akitimiza hamsini, nitacheza mbele ya watu wote. Shikeni neno langu." Watu wakacheka. Kwa hesabu yake alikuwa amejipatia miaka ishirini na sita ya kukaa kwa amani. Msusi alitimiza hamsini siku ya Jumanne, akiwa kazini, anamsuka mteja mwenye kichwa kigumu. Hakumwambia mtu. Usiku ule aliitamani ile ngoma ya mumewe, ambayo alikuwa amejinyima mwenyewe.

Basi, katika wateja wake alikuwemo Sista, muuguzi wa hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, aliyekuja kusuka kila wiki ya tatu. Siku moja amekaa kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, wateja wakaanza kumhoji.

"Sista, ni kweli sidiria zenye waya zinaleta saratani?"

"Hapana. Wala manukato ya kwapani, wala kuweka simu kifuani. Mkitaka kuacha kuweka simu kifuani, acheni kwa sababu ya wezi."

"Sasa inaletwa na nini?"

"Hakuna kitu kimoja. Kuna mambo yanayoongeza uwezekano. Sigara, pombe, uzito uliozidi, kukaa tu kutwa nzima. Kama mama yako au dada yako alipata, wewe uwe macho zaidi. Lakini kwa saratani ya titi, jambo kubwa ni kuwa mwanamke na umri kusonga. Wengi tunaowaona hawana ndugu hata mmoja aliyewahi kuugua."

"Umri peke yake?"

"Umri peke yake unatosha. Dada, taratibu, kichwa hicho ni changu."

Msusi alikuwa amevuta nywele kuliko alivyokusudia. Akaomba radhi, akalegeza vidole.

"Pale kwetu," Sista akaendelea, "shingo ya kizazi tunaanza kupima kwenye miaka thelathini. Picha ya matiti ni kuanzia hamsini, kila baada ya miaka miwili, hata kama huumwi popote. Na hamsini hiyohiyo, wanawake na wanaume, tunawapima utumbo mpana. Msisubiri maumivu. Lakini ukigusa uvimbe wowote, uwe na umri wowote, njoo siku hiyohiyo. Jumamosi hii tunapima bure."

"Twendeni wote," akasema mama mmoja aliyekuwa chini ya kikaushio. "Ila Dada yetu hapa, umri wa picha ya matiti bado sana."

Wakacheka wote. Msusi alicheka wa mwisho.

Jumamosi alikwenda, na mumewe akamfuata, maana yeye ana hamsini na moja na hana la kuficha. Fundi saa alipewa kikopo kidogo chenye kifuniko. Akakigeuza, akauliza ni cha nini, na muuguzi akamweleza kwa sauti ya chini kwamba akirudishe na choo kidogo ndani. Akakitia mfuko wa shati. Akafikiri, akakihamishia mfuko wa suruali. Akafikiri tena, akakitumbukiza kwenye mkoba wa mkewe.

Dirishani karani akauliza, "Umri?"

Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi.

"Arobaini na sita."

Karani akauliza kama ana uvimbe, kama mama au dada yake aliwahi kupata saratani. Yote hapana. "Leo utapimwa shingo ya kizazi. Picha ya matiti bado, rudi baada ya miaka minne." Akampa kadi.

"Unaona?" mumewe akamnong'oneza. "Wewe bado msichana."

Kipimo cha shingo ya kizazi kilikwisha upesi kuliko kufumua msuko mmoja. Alipotoka alipita mbele ya chumba cha picha. Benchi limejaa wanawake wa rika lake, wale ambao kila siku aliwatendea kama shangazi zake. Akaitazama kadi. Arobaini na sita ukiongeza minne ni hamsini. Lakini hamsini na tatu ukiongeza minne ni hamsini na saba, na mwili wake haukuwahi kuhudhuria ile harusi ya kudanganya mawifi. Mwili ulikuwa umehesabu kila mwaka, kimyakimya, bila kuruka hata mmoja. Aliogopa. Aliogopa kile chumba, na aliogopa zaidi uso wa mumewe, naye alikuwa palepale, ameukumbatia mkoba.

Akarudi dirishani, akainama. "Hamsini na tatu," akanong'ona.

Karani alikuwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. "Hamsini na tatu? Si umesema arobaini na sita?"

Benchi zima likageuka.

"Nilisema," akajibu msusi, sasa kwa sauti ya kawaida. "Andika hamsini na tatu."

Fundi saa alimtazama kama anavyoitazama saa iliyoletwa na mtu anayeapa kwamba kilichoisha ni betri tu. Msusi akaingia, titi likabanwa kati ya vibao viwili kama nguo chini ya pasi, kisha la pili, akaambiwa avae.

Siku tatu nyumba ile ilikuwa na ndiyo na hapana tu. Chai? Ndiyo. Unatoka? Hapana. Msusi alilia bafuni na maji yakiwa wazi ili asisikike. Siku ya nne Sista akapiga simu: picha imeonyesha kitu kidogo upande wa kushoto, warudie kuipiga na wachukue kipande wapime. Huenda si kitu, lakini aje.

Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mumewe. Alimkuta na kioo cha kukuzia jichoni, saa tatu za watu zimefunguliwa matumbo. Akamwambia. Fundi akatoa kioo, akafunga duka, saa zikabaki wazi mezani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu ajifunze kazi.

Njiani ndipo alipopata ulimi. "Unajua kilichoniuma? Si miaka."

"Ni nini?"

"Nimekaa siku tatu nikipiga hesabu. Ungeng'ang'ania maneno yako pale dirishani, ungeondoka na ile kadi ya miaka minne. Kwa ajili yangu. Kwani mimi nilioa kalenda?"

Msusi alicheka na machozi yakamtoka, akashindwa kujua kipi kilianza.

Majibu yalipotoka, lilikuwa jambo lenyewe. Daktari hakuzunguka: ni saratani, ndogo kama punje ya mchele, bado imekaa mahali pake. Mkono usingeifikia, hata mkono wa msusi, unaojua kila kibonge na kovu kwenye vichwa vya mtaa mzima. Baada ya miaka minne tungekuwa na mazungumzo mengine, akasema, leo tuna mazungumzo haya. Wakaitoa, kisha wakapanga wiki tatu za mionzi. Asubuhi alikwenda hospitali, mchana alikaa saluni akiwaelekeza wateja namna ya kusukana wenyewe. Walitoka na mistari iliyopinda kama njia za mbuzi, na hakuna aliyelalamika. Mama wa kikaushio akaenda kupimwa. Na kikopo cha fundi saa, ili tusimsahau, kilirudishwa, na majibu yake yalikuwa mazuri.

Siku ya mwisho ya mionzi, daktari akamwambia yuko vizuri, awe anarudi kupiga picha kila mwaka. Msusi akatoka hadi ukumbi wa kusubiria. Sista alikuwa pale, na wagonjwa kwenye viti, na mfagiaji na ndoo yake. Fundi saa akaweka mkoba kwenye benchi. Akanyoosha shati, akasimama mbele ya mkewe mikono nyuma, kama mtoto aliyetumwa kwa jirani.

"Shikamoo," akasema.

Msusi akamkazia macho. "Umesemaje?"

"Nina hamsini na moja. Wewe una hamsini na tatu. Mimi nimelelewa vizuri. Shikamoo."

Kwa miaka yote alilikimbia neno lile kama linamletea uzee mlangoni. Sasa lilisimama mbele yake limevaa shati la mumewe, nalo lilikuwa linamwambia jambo moja tu, kwamba yupo, na kwamba amefika.

"Marahaba," akajibu. "Sasa cheza."

Fundi saa akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaona watu wote wanamtazama na neno lake limeshikwa. Akacheza. Alicheza vibaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kucheza, ameinama, anasogeza miguu kidogokidogo kama anatafuta skrubu iliyoanguka sakafuni. Mfagiaji akampigia ndoo. Sista akapiga makofi, na wagonjwa wenye nguvu wakamfuata. Msusi akavua viatu, akaingia.

"Umechelewa miaka mitatu," akamwambia.

"Saa niliyopewa ilikuwa nyuma miaka saba," akajibu mumewe, akihema. "Cheza."