Mji wa Ziwa Linalokauka Mchana

Mwanvita alikuwa amekaa mkekani barazani, ungo wa iliki mapajani, akichambua punje mbovu, wageni wawili walipoingia uani kwake Bigwa kwa mwendo wa kunyata, kama watu waliokuja kuposa. Aliwafahamu. Mmoja alikuwa Stephano, Mnyamwezi wa Tabora anayechomelea mageti. Wa pili alikuwa Rahel, binti wa Mwanza mwenye kibanda cha fotokopi. Zamani walikuja kila Jumapili kucheza na mdogo wake, Rehani. Sasa Rehani hayupo. Malaria ilimpanda kichwani, na arobaini yake ilikuwa imesomwa wiki iliyopita tu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibuni. Mmefuata vitu vyenu?"

Walitazamana. Stephano akakohoa.

"Tumekuja kukuomba utufungulie mlango."

Mwanvita akageuka kuutazama mlango wa sebule. Ulikuwa wazi, pazia linapepea.

"Si huo hapo?"

"Siyo huo, dada. Ule wa mjini."

"Mjini wapi? Msamvu?"

Rahel alimpiga mwenzake kiwiko. "Wewe nawe! Hivyo ndivyo tulivyokubaliana uanze?"

Ikabidi Rahel aeleze, na kadiri alivyoeleza ndivyo Mwanvita alivyozidi kupotea. Rehani alikuwa ametunga mji. Si wa kweli, wa mchezo. Uko kando ya ziwa, una masoko, walinzi, wachawi na wezi. Yeye alikuwa ndiye Mwenye Mji: anasema wachezaji wanaona nini, wao wanasema wanafanya nini, kisha dadu inatupwa kuamua kama wamefaulu au wameumia. Rahel humo ndani alikuwa mganga. Stephano alikuwa jambazi aliyetubu.

"Aliyetubu nusu," Stephano alisema.

Mwanvita aliwahi kuwasikia, lakini hakuwahi kuelewa. Alikuwa akiwapelekea chai na mihogo na kurudi jikoni. Mara moja alimsikia Rahel akipiga kelele, "Nimezama! Nimezama jamani!" akakimbia na khanga mkononi, akawakuta wamekaa vitini, wakavu, wanamcheka. Siku ile alijiambia atamuuliza Rehani, ni mchezo gani huu usio na mpira wala karata. Akaona atamuuliza siku nyingine. Siku zilikuwa nyingi wakati ule.

"Ramani yake ipo?" Rahel aliuliza. "Aliichora nyuma ya ubao."

Mwanvita aliacha kuchambua. Kazi ya Rehani ilikuwa kuandika vibao vya maduka, na nyumba nzima ilijaa mbao zake. Huo mmoja, wenye maneno SALUNI YA KIUME upande mmoja na marangirangi upande wa pili, aliujua vizuri mno.

"Upo," alisema taratibu. "Ila siku ya arobaini mifuniko haikutosha. Akina mama waliufunikia sufuria ya pilau."

Stephano akashika kichwa.

"Waluguru nyie! Mji mzima, na watu wake, mmeupika?"

"Usinianze, mtani."

"Mimi naanza? Nyie ndio mmewasha moto!"

Mwanvita alikwenda kuuleta ubao. Mvuke ulikuwa umeifanya kazi yake: bluu ya ziwa ilikuwa imepauka yote, imekuwa nyeupe kama maziwa yaliyomwagika, na katikati ya weupe huo vilichomoza vilele na paa chache tu. Rahel aliupitisha mkono juu yake bila kuugusa.

"Hata kabla ya pilau mji wenyewe ulikuwa wa ajabu," alisema. "Mimi nimezaliwa ziwani. Nilimwambia, Rehani, mji gani wa ziwani hauna mwalo? Mitumbwi inatia nanga wapi? Akasema hakuna mitumbwi. Samaki? Hakuna. Watu wanakula nini? Kabichi! Wanalima kabichi na njegere kwenye matuta, na nyumba zote zimeligeuzia ziwa mgongo. Na ziwa lenyewe asubuhi linajaa, ikifika mchana limekauka. Nikamwambia wewe hujawahi kuona ziwa. Akanijibu, nimeliona sana."

"Aliliona wapi?" Mwanvita aliuliza. Rehani hakuwahi kwenda mbali zaidi ya Dar.

"Ndivyo nilivyomuuliza. Akacheka."

Stephano alichuchumaa karibu na ubao, akaweka kidole kwenye nyumba ya juu kabisa, ile isiyofunikwa na weupe. Pale, alisema, ndipo walipoishia. Walikuwa wamepanda mji mzima, maji yanawafuata nyuma, wakabisha hodi kwenye nyumba ya mwisho. Rehani akasema, mlango unafunguliwa, na aliyesimama ndani ni... Hapo ikaadhiniwa magharibi. Akazifunga dadu kwenye leso, akampa Rahel azitunze. Jumapili, akasema. Jumapili iliyofuata alikuwa kitandani, na ile nyingine walikuja kuzika.

Mwanvita alikumbuka mazishi. Jeneza lilipotaka kutoka, Stephano alijilaza kizingitini chali, mikono kifuani, akatangaza, "Huyu hatoki mpaka anifungulie mlango!" Watu walicheka katikati ya machozi, maana Mnyamwezi ni mtani wa Mluguru na mtani msibani ana ruhusa ya kila upuuzi. Mjomba akampa kuku, akanyanyuka, jeneza likapita. Mwanvita naye alicheka. Aliona ni utani kama utani mwingine.

"Kumbe ulikuwa unadai kweli," alisema.

Stephano hakumtazama. "Nilichukua kuku, dada. Lakini sikumla. Nilimpa jirani."

Alisimama, akajifuta magoti ambayo hayakuwa na vumbi. Sauti yake ilibadilika. "Mimi nasema hivi. Wewe ni damu yake, tumbo moja. Tuambie nani kafungua. Kama huwezi, basi leo tuuzamishe. Maji yaje juu, mji uishe, tujue umeisha. Siwezi kusimama mlangoni maisha yangu yote."

"Mimi sitaki uzame," Rahel alisema.

"Wala mimi sitaki. Unadhani nataka?"

Wote wawili wakamgeukia Mwanvita. Yeye aliutazama ubao. Alikuwa hajui kitu. Akisema neno lake mwenyewe, utakuwa mji wake, si wa Rehani. Akinyamaza, utazamishwa hapa hapa, juu ya mkeka, kando ya ungo wa iliki. Alikwishamzika mara moja. Hakuwa na nguvu ya mara ya pili.

"Ngojeni," alisema, ili apate muda tu.

Aliuinua ubao, akausimamisha ukutani, akarudi nyuma hatua kadhaa kama alivyokuwa akifanya Rehani akimaliza kibao. Matuta yanashuka. Paa zinachomoza. Chini yake, weupe mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, vilele viwili vimekaa ndani yake kama visiwa.

Akaketi ghafla.

"Hili si ziwa," alisema. "Huu ni ukungu."

"Ukungu gani?"

"Wa Mgeta, kule milimani. Kwa bibi, mama yake mama. Asubuhi ukitoka nje hakuna bonde, ukungu umelijaza lote, umelala kabisa kama maji. Rehani alikuwa akirusha mawe humo asikie kama yatalia. Jua likipanda unakauka, bonde linarudi."

Rahel aliusogelea ubao. "Kwa hiyo mimi nilizama kwenye ukungu?"

"Na ukapiga kelele!" Stephano aliangua kicheko. "Msukuma wa ziwani kazama kwenye ukungu!"

"Nyamaza, jambazi wewe." Lakini naye alikuwa anacheka, huku anafuta macho.

Mwanvita hakucheka. Kwa nini Rehani hakumwambia? Walikuwa wamekaa nyumba moja, Mgeta ikiwa imelazwa mezani kila Jumapili, naye akiweka vikombe juu yake. Labda alitaka aulizwe. Labda hata yeye hakujua anachora nini. Na hata sasa, kujua kuwa ni kwa bibi hakukumwambia Rehani alitaka kusema nini pale adhana ilipomkatisha.

"Unaanzaje?" aliuliza.

"Unasema tu tunachokiona," Rahel alimjibu.

"Nikikosea?"

"Mwenye Mji hakosei," alisema Stephano. "Rehani alikuwa anakosea kila wiki."

Mwanvita alivuta pumzi. Alisema mlango ni wa mbao tatu, ubao wa chini umeliwa na mchwa. Kuna kuku wanalala juu ya kuni. Ndani kunanuka moshi. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza; haikuwa yake sawasawa.

"Anayefungua ni bibi kizee. Hafungui wote, anafungua kidogo. Anawauliza: mama yenu ni wa ukoo gani?"

Hivyo ndivyo alivyouliza bibi, hata kwa wajukuu aliowatambua kwa sauti.

"Mimi jambazi sina ukoo, bibi," alisema Stephano, akiinamisha kichwa kwa adabu. "Mimi ni mtani tu wa mjukuu wako."

Na Mwanvita, bila kufikiri, akauliza lile ambalo bibi aliliuliza kila walipopanda kutoka bondeni wakihema, maana Rehani alikuwa mdogo kuliko wote na kila mara alibaki njiani:

"Na mwenzenu yuko wapi?"

Likamtoka likabaki pale. Rahel aliinamisha uso. Mwanvita alitamani kulirudisha. Hakujua kama amelisema ndani ya mchezo au nje yake, wala kama kuna tofauti.

Stephano aliinua kichwa.

"Yuko nyuma, bibi," alisema. "Anakuja. Amesimama kidogo tu, kuna mtu amemwomba amwandikie kibao."

Mwanvita alitazama uani kuelekea njiani, kabla hajajizuia. Kuku wa jirani alikuwa akiparura chini ya mpapai. Hapakuwa na mtu.

"Haya, ingieni," alisema. "Ila mlango msiufunge."

Rahel alifungua leso, dadu zikalala kiganjani mwake. "Tutupe?"

Mwanvita hakujua zinatupwa kwa ajili ya nini. Alisogeza ungo pembeni, akapangusa maganda ya iliki kwenye mkeka ili papatikane nafasi, akasema watupe.