Moduli ya Saba

Jumatatu ile fundi wa maabara ya kompyuta hakuja kazini. Alikuwa amefariki alfajiri, kifua kimembana tangu Ijumaa, na dada yake, mhazili wa idara, ndiye aliyepanda ngazi kuwaambia walimu. Mkuu wa idara aliinuka, akampa pole kwa mikono miwili. Kisha akashusha sauti.

"Moduli ya saba alikuwa ameimaliza?"

Alikuwa ameimaliza. Mtaala wote wa shahada ya teknolojia ya elimu aliuandika yeye, miaka miwili, kwenye madaftari, dada yake akiuchapa. Aliwahi kufundisha shule isiyo na umeme. Moduli ya saba ilieleza jinsi mwalimu mwenye simu moja atakavyofundisha watoto tisini.

Baada ya mazishi mhazili alichapa jalada, akaweka jina la kaka yake juu ya orodha ya waandaaji. Jalada likarudi jina limekatwa kwa mstari mwekundu.

"Mama, tuelewane," mkuu alisema. "Tume ya vyuo haimtambui mwandaaji asiye na uzamivu. Kaka yako alikuwa na cheti cha ufundi. Unataka mtaala ukataliwe?"

"Sitaki, Daktari. Nataka jina lake."

"Marehemu jina atalipeleka wapi?"

Akalichapa tena jina lile, safari hii mwishoni kabisa mwa orodha. Mstari mwekundu ukalifuata hukohuko.

Siku ya kamati ya mitaala aliitwa kuandika muhtasari wa kikao. Profesa mmoja alisukuma miwani hadi kwenye paji la uso. "Simu moja, watoto tisini. Wanapeana zamu ya kupumua?"

Wakacheka. Mkuu alifunua kurasa, akazirudisha, akakohoa.

"Mama, hebu tukumbushe pale."

Mhazili alisimama, kalamu mkononi. Mwalimu anarekodi somo la dakika saba, alisema. Kundi moja linasikiliza, la pili linafanya kwa mawe na vijiti yale liliyoyasikia, la tatu linatunga maswali. Kisha wanabadilishana. Alieleza vilevile kaka yake alivyokuwa akimsomea. Pale kaka alipozoea kuvuta pumzi, naye alivuta.

"Idara hii hata mhazili ni moto!" profesa alisema. "Huyu mpandisheni cheo!"

Wakacheka tena. Mtaala ukapita.

Kesho yake mkuu aliusoma muhtasari. Ulisema kwamba mhazili alifafanua moduli ya saba kutokana na maandishi ya marehemu kaka yake.

"Asiye mjumbe haongei kikaoni," alisema kwa upole. "Andika: Mkuu wa Idara alifafanua."

"Lakini niliongea, Daktari. Walinisikia."

"Walikusikia, mama. Ila kwenye muhtasari hukuongea."

Mhazili akaketi, akaanza kuchapa. Mkuu hakuondoka. Alisimama nyuma ya kiti chake mpaka sentensi ilipokamilika, kisha akamwonyesha mahali pa kuweka mkato.

Sasa shahada ile ina wanafunzi mia mbili na kumi. Moduli ya saba huifundisha mkuu mwenyewe, Jumanne, saa nne asubuhi. Mkuu akisafiri, haifundishwi.