Mti wa Kumi na Tisa

Lebo iliandikwa BND19A. Karani akaigawa kama alivyogawa lebo nyingine tangu asubuhi: herufi tatu za mwanzo ni msitu, tarakimu mbili ni mti, herufi ya mwisho ni kijiti kilichotobolewa kwenye mti huo. Mti 19, kijiti A. Alipojaza safu ya A, akakichukua kijiti chenyewe ahesabu pete, moja kwa kila mwaka wa mti. Kilikuwa na joto, kama mkono uliotoka mfukoni.

Pete thelathini na tisa. Ya tisa ilikuwa na kovu. Kaka yake alivunjika mkono akiwa na miaka tisa. Ya kumi na sita ilikuwa nyembamba kama uzi, na mwaka ule mvua ilinyesha hadi watu wakaichoka. Ila ndio mwaka aliofariki baba yao.

Kaka mtu alikuwa mpima misitu wa ofisi hiyohiyo. Alipotelea msituni miaka minane iliyopita, akiwa na miaka thelathini na moja. Walimtafuta siku tatu, kisha mama akaandikiwa barua kwamba mwanawe ameacha kazi bila taarifa. Karani akahesabu tena. Pete zilizidi thelathini na moja kwa nane zilezile. Jamani! Miaka minane mtu yu hai, na wao walishagawana buti zake.

Akamfuata mtobozi, aliyekuwa uani akisafisha keekee yake ya kutobolea miti.

"Huu wa kumi na tisa uliutoboa wewe?"

"Mimi, dada. Mgumu kweli huo."

"Haukusema kitu?"

"Uliniuliza kama mama hajambo. Nikaujibu mimi mgeni, sijui. Ukasema basi, toboa taratibu."

"Na wewe ukatoboa!"

"Fomu haina sehemu ya maneno, dada."

Karani akaingia kwa mkuu bila kubisha hodi. Mkuu akakitazama kijiti kwa lenzi, akamtazama na karani.

"Kweli, mmefanana," akasema. "Pole sana."

"Naomba gari nikamchukue."

"Gari ni la watumishi. Yeye aliacha kazi."

"Hakuacha! Yuko msituni mpaka leo!"

"Jalada lilishafungwa, mama." Macho ya mkuu yakashuka kwenye orodha. "Na B yake iko wapi? Kila mti vijiti viwili."

Mkuu akajaza kwa mkono wake fomu ya kumrudisha mtobozi msituni, akagonga muhuri. Mtobozi alipokuwa akipakia vifaa, karani akamkimbilia garini.

"Mwambie mama hajambo. Mwambie barazani bado anamwekea kiti."

"Nitamwambia. A niliitoa kifuani, sasa itabidi mgongoni."

Jumanne trei la vijiti likaletwa mezani.

"Salamu zimefika," mtobozi alisema. "Alifurahi sana."

Karani akaigawa lebo. Mti 19, kijiti B. Pete thelathini na tisa. Akakishika kiganjani, akakisubiri mpaka chai ya saa nne ikapoa. Kilikuwa baridi, kama vijiti vingine vyote.

Mkuu alipita nyuma yake, akaona safu zote mbili, A na B, zimejaa.

"Ahaa," akasema. "Sasa huu umekamilika."