Mama Anamzunguka Mdogo Mtu

Alasiri mdogo mtu alipokuja kutembea nyumbani, dada mtu alikuwa sebuleni akifuta lenzi ya darubini ya mama yao kwa kitambaa cha pamba, polepole, kutoka katikati kwenda nje, kama alivyofundishwa. Mama, mwalimu mstaafu wa elimu ya anga, alikuwa amesema leo ataamua darubini iwe ya nani. Dada mtu ndiye aliyeitunza tangu mama astaafu, na ndiye aliyemtunza mama pia. Mdogo mtu akajitupa kwenye kochi la katikati, akauliza kwani mtu huchungulia upande gani.

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kiti chake kikainuka shubiri moja kutoka sakafuni, kikaanza kumzunguka mdogo mtu, na sinia la chai likafuata nyuma. Dada mtu alichukua kikombe chake sinia lilipopita. Chai haikuwa na sukari.

Wivu ulimkaba, lakini huo alishauzoea. Tena alikuwa ameona jambo: mama akimkaribia yeye hupunguza mwendo, husimama, hurudi nyuma kidogo, ndipo huendelea. Ananirudia mimi, dada mtu akajiambia, na roho ikatulia. Mama ndiye aliyemfundisha kwamba watu wa kale waliiweka dunia katikati, na walipoona sayari zinarudi nyuma wakaongeza duara juu ya duara, mradi dunia isihamishwe mahali pake. Dada mtu naye alikuwa na maduara yake. Mama amechoka tu. Mama si mtu wa maneno. Mama anamsifu mdogo kwa sababu yuko mbali, yule akihamia hapa utaona. Kila mwaka alikuwa akiongeza jingine, masikini.

Akapakata ubao mdogo wa mama wa kufundishia, akachora kwa chaki njia ya mama, yeye mwenyewe akiwa katikati. Haikukaa sawa. Akafuta, akamweka mdogo mtu katikati, huku roho inamuuma kwelikweli, na duara moja safi likatosha. Palibaki kule kurudi nyuma tu. Akatazama chini. Ua la zulia lililokuwa chini ya miguu yake sasa lilikuwa limebaki kule mlangoni. Kumbe naye alikuwa anazunguka na kiti chake, tena kwa njia ya ndani, mbio kuliko mama. Mama hakuwa amerudi hata mara moja. Ni yeye aliyekuwa akimpita.

Akampelekea ubao walipokaribiana. "Mama, hivi umewahi kunirudia mimi?"

Mama alivaa miwani, akaukagua mchoro kama anasahihisha mtihani.

"Hauna kosa hata moja, mwanangu," akasema. "Nilikufundisha vizuri."

Kisha akampa mdogo mtu darubini. Mdogo mtu akaielekeza kwa dada yake, akasema mbona anamwona kule mbali, kadogo. Dada mtu akamgeuzia, akamwonyesha upande wa kuchungulia. Halafu akarudi kitini na kukunja miguu, maana mama alikuwa karibu kupita.