Katiba ya Kunakili

Mradi wa maji wa Giakanja ulikuwa na katiba ya kwaya, na hilo halikuwa siri. Miaka minane iliyopita, wanachama walipotaka kusajiliwa upesi, katibu wao Mwai aliazima katiba ya kwaya ya kanisa, akabadilisha jina, akapiga chapa, basi. Ndiyo maana kifungu cha nne bado kilimtaka kila mwanachama afike mazoezi ya sauti kila Alhamisi. Watu walicheka, wakatia sahihi, maji yakaja.

Yaliendelea kuja mpaka Januari, pale mama yake Monicah, Wakiuru, aliposimama mkutanoni akauliza uchaguzi ni lini. Mwenyekiti Theuri aliahirisha mkutano. Kesho yake alichukua spana akafunga laini ya maji ya Wakiuru. Miezi mitatu sasa mama wa miaka sabini alikuwa akipanda kilima na mtungi wa maji ya mto, na sukumawiki yake imebaki vijiti. Monicah, mwalimu wa historia, alikuwa na hasira.

Jumamosi hiyo alikuja mkutanoni, kwenye ukumbi wa kanisa, katiba kwapani. Akasoma kifungu cha sita: mwenyekiti ni miaka miwili, kisha kura.

Theuri akacheka akishika tumbo. "Mwalimu, hiyo katiba ni ya kukopi. Ni ya waimbaji, ati! Haiwezi kunitoa mimi."

Watu wakaanza kukagua viatu vyao. Monicah alimwona mama yake akivutavuta ncha ya leso. Akishindwa leo, mtungi ule hautatoka mgongoni mwa mama. Ndipo somo la Kidato cha Nne la juzi likamjia mdomoni.

"Chairman, unajua Amerika?"

"Nani hajui Amerika?"

"Serikali yao pia ni ya kukopi."

Akawasimulia. Zamani Waingereza walichoshwa na mfalme aliyenyang'anya watu mali apendavyo. Mabwana wenye ardhi wakambana mpaka akaweka muhuri kwenye hati ya ngozi iliyosema hata yeye yuko chini ya sheria. Vizazi vya baadaye vikavuka bahari kwenda Amerika, na huko kwenye makoloni wakashika desturi za nyumbani: mabaraza ya kuchaguliwa, kesi kuamuliwa na raia wa kawaida, bunge lenye mabaraza mawili. Siku London ilipowatoza kodi bila kuwapa kiti bungeni, waligoma wakitumia sheria za Waingereza wenyewe.

"Wakajitawala, wakakopi yale mazuri yote," akamaliza. "Kitu moja tu ndiyo waliacha."

"Gani?" Mwai akauliza.

"Mfalme."

Kicheko kililipuka hadi mabati yakatikisika. "Kura! Kura!" Mikono ikapanda juu, na kabla Monicah hajajua kinachoendelea, wanawake walikuwa wakimpigia vigelegele yeye. Alikuwa amekuja kutafuta maji, akapewa uenyekiti. Machozi ya furaha yalimtoka bila aibu.

Theuri alimletea spana mwenyewe. "Na laini yangu, Mwalimu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Unaifunga lini?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Miezi mitatu Monicah alikuwa ameota swali hilo, na spana ilikuwa mkononi mwake, nzito na tamu.

"Siwezi," akasema. "Hii katiba imenifunga hata mimi."

Theuri akavua kofia, akageuka kutafuta mahali pa kukaa. Kiti cha mbele hakikuwa chake tena, na mabenchi yalikuwa yamejaa. Wakiuru akasogea kidogo.

"Kaa hapa, Baba Njeri," akamwambia Theuri. "Tukimaliza utanionyesha valvu yangu iko wapi, tuifungue."